JWTZ walipotoka Uganda

Ndugu zangu, kuna jambo linanisumbua kichwa tangu niliposimama kwenye makaburi ya mashujaa pale Kaboya, wilayani Muleba. Kama hujawahi kufika, ni hivi: unatoka Bukoba unaelekea Muleba, migomba kushoto, migomba kulia, halafu unakutana na eneo la jeshi na makaburi yaliyopangwa kwa mistari kama gwaride. Kuna mnara mweupe wenye majina ya askari wetu waliokufa katika vita ya Kagera. Mamia ya majina. Tarehe 25 Julai 2013 Rais Kikwete na viongozi wenzake walikuja hapo kutoa heshima zao Siku ya Mashujaa.

Sasa mimi ni mtoto wa baada ya vita. Niliyoyajua niliyapata shuleni na kwa bibi. Na shuleni hadithi inaisha vizuri sana: tarehe 11 Aprili 1979 Kampala inaanguka, nduli Iddi Amin anakimbia, mwalimu anafunga daftari, kengele inalia. Kwisha.

Lakini haikuwa kwisha. JWTZ hawakutoka Kampala Aprili 1979. Walitoka 1981. Miaka miwili hiyo ilikwenda wapi? Na walipotoka, Tanzania na Uganda walibaki nani kwa nani? Ndugu? Mdai na mdaiwa? Hicho ndicho ninachotaka tuongee leo, kwa sababu sisi wa Kagera ndio tuliokaa katikati ya hayo yote na ndio tunaoulizwa mwisho.

Vita yenyewe nitaipita haraka, wengi mnaijua. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka Mutukula. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800 hivi, sasa ni la Uganda. Yeye alisema mto ndio mpaka. Kumbe mpaka ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, wakafuata mstari wa kwenye ramani bila kuuliza mto wala mtu. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu wakavuka kukimbilia kusini na walichoweza kubeba kichwani. Ng'ombe waliswagwa kwa maelfu kupelekwa Uganda. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa. Mwalimu akasema sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Mengine mnayajua.

(Hata jina la mkoa wetu ni la vita. Kabla ya 1979 tulikuwa Mkoa wa Ziwa Magharibi.)

Haya. Tuingie Kampala.

Kabla hata Kampala haijaanguka, Machi 1979, Waganda waliokuwa uhamishoni waliitwa Moshi. Vikundi vingi kweli kweli, kila kimoja na mzee wake. Wakaunda UNLF, wakamchagua Profesa Yusuf Lule. Lule aliapishwa tarehe 13 Aprili na alikaa madarakani siku 68 tu. Tarehe 20 Juni baraza lao likamwondoa, akaingizwa Godfrey Binaisa. Kampala ikawaka kwa migomo na maandamano ya watu waliomtaka Lule wao. Na Lule mwenyewe yuko wapi? Dar es Salaam! Aliwekwa Ikulu yetu kwa muda, akalalamika kwamba anashikiliwa bila hiari yake, mpaka alipoachiwa kwenda London.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu wa Kampala. Miezi miwili nyuma ulikuwa unawarushia maua askari wa Tanzania. Mliwaita bakombozi, neno mlilolichukua kwenye Kiswahili chao. Mlishangaa kwamba kumbe Kiswahili kinaweza kusema "samahani ndugu" na "tafadhali", maana mliyokizoea ninyi kilikuwa cha askari wa Amin, cha "lala chini" na "toa pesa". Sasa leo askari hao hao wamesimama barabarani mnapoandamana, na rais wenu yuko kwenye nyumba ya rais wao. Ungejisikiaje?

Sisemi Mwalimu alikuwa na nia mbaya. Nasema tu kwamba mkombozi akikaa sana anaanza kufanana na mwenye nyumba. Na tuwe wakweli, hata njiani kwenda Kampala hatukuwa malaika. Miji ya Masaka na Mbarara iliangushwa kwa mizinga na baruti, kulipiza yaliyofanyika Kagera. Jambo hili hatulisemi kwenye sherehe. Masaka wanalikumbuka, na Masaka si mbali na sisi. Kutoka Bukoba ni karibu kuliko Mwanza ukipita kwa barabara. Katigondo, seminari aliyosoma Kardinali wetu Laurean Rugambwa, iko karibu na Masaka. Tulibomoa mji wa shule yetu.

Binaisa naye hakudumu. Julai 1979, kwenye mkutano wa OAU kule Monrovia, yeye ndiye aliyesimama kuitetea Tanzania wakati Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakimshambulia Mwalimu kwa kuingia nchi ya jirani na kuiondoa serikali yake. Kumbuka kwamba Mwalimu huyu huyu ndiye aliyesukuma azimio la Cairo la mwaka 1964, lile la kila nchi ya Afrika kuheshimu mipaka iliyorithiwa. Kwa hiyo aliposhambuliwa ilimuuma mahali panapouma. Binaisa akamwokoa. Mwezi Mei 1980 Binaisa alipojaribu kumwondoa mkuu wa majeshi wake, Oyite Ojok, wanajeshi wakamgeukia yeye, na JWTZ, takriban askari 10,000 waliokuwa bado Uganda, hawakunyanyua mguu. Madaraka yakaenda kwa Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga, mtu wa Obote. Siku chache baadaye Milton Obote mwenyewe akatua Bushenyi, kutoka Dar es Salaam alikokaa tangu Amin alipompindua 1971.

Sasa unganisha nukta. Lule anatoka, JWTZ wapo. Binaisa anatoka, JWTZ wapo. Obote, rafiki wa Mwalimu, anarudi, JWTZ wapo. Uchaguzi unafanyika Desemba 1980, Muwanga anajipa mamlaka ya kutangaza matokeo yeye mwenyewe, chama cha Obote kinatangazwa kimeshinda, DP wanalia wameibiwa, JWTZ wapo. Hata kama Mwalimu hakupanga hata moja kati ya hayo, nani Kampala angemwamini?

Basi 1981 tukatoka. Kwa nini wakati ule? Waliopo madarakani walisema kazi imekwisha, Uganda ina serikali iliyochaguliwa. Mimi naona sababu kubwa ilikuwa mfuko. Vita inakadiriwa kutugharimu kama dola milioni 500, na msaada wa maana kutoka nje haukuja. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tena 1979. Serikali iligombana na IMF mpaka Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu Desemba mwaka huo. Wananchi waliambiwa wafunge mikanda miezi 18. Ukimuuliza mzee yeyote wa Bukoba atakuambia miezi ile 18 haijaisha mpaka leo. Sabuni foleni, sukari foleni, khanga foleni. Utamlipaje askari aliyeko Arua wakati kijijini kwake hakuna chumvi?

Kwa hiyo tulitoka kwa sababu tulichoka. Uganda haikuwa imetulia.

Ushahidi ni huu. Tarehe 6 Februari 1981, JWTZ wakiwa bado hawajamaliza kuondoka, Yoweri Museveni na wenzake walishambulia kambi ya Kabamba na kuanza vita ya msituni. Museveni si mgeni kwetu, alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kundi lake la FRONASA lilipigana pamoja na JWTZ dhidi ya Amin. Mwezi Juni mwaka huo huo kundi lake likaungana na la Lule, wakaunda NRM, Lule akiwa mwenyekiti. Yaani watu wawili ambao sisi tuliwalea, mmoja kwenye chuo chetu na mmoja (kwa lazima) kwenye Ikulu yetu, waliungana kumpiga mtu wa tatu ambaye pia tulimlea. Wote watatu ni wa kwetu! Na tarehe 24 Juni 1981, kwenye misheni ya Ombaci karibu na Arua, askari wa UNLA, jeshi jipya ambalo Tanzania ilisaidia kulijenga, waliua raia waliokimbilia hapo kujisalimisha. Watu wa West Nile waliona bakombozi wanaondoka na walioachwa nyuma wanaanza kulipiza kisasi cha Amin juu ya kabila lake.

Hapo ndipo urafiki wa Dar na Kampala ulipoanza kuwa wa mashaka. Obote alihitaji jeshi letu, lakini hakutaka aonekane anaishi kwa jeshi letu. Kwa hiyo tulipotoka alitafuta wakufunzi kwingine, Jumuiya ya Madola, Korea Kaskazini. Mwalimu naye alimhitaji Obote afanikiwe, maana akishindwa vita yote itaulizwa ilikuwa ya nini. Lakini kila habari ya Luwero iliyotoka ilikuwa inamfunga mdomo. Angemkemea hadharani? Angekuwa anajikemea mwenyewe. Angenyamaza? Akanyamaza zaidi ya ilivyokuwa kawaida yake. Huyu ni Mwalimu aliyeikemea dunia nzima.

Julai 1985 Obote akapinduliwa mara ya pili, na safari hii na majenerali wake mwenyewe. Angalia alikokimbilia. Mwaka 1971 alikuja Dar es Salaam. Mwaka 1985 alipitia Kenya akaenda kukaa Zambia. Alifia hospitali Johannesburg Oktoba 2005. Mimi ni mwandishi, najua kwamba mtu kuchagua nyumba ya kukimbilia kunaweza kuwa na sababu nyingi. Lakini ukinitaka nikuonyeshe sehemu moja ambapo urafiki huu umeandikwa wazi, nitakuonyesha tiketi ile ya Lusaka. Na mazungumzo ya amani ya mwaka huo kati ya Okello na Museveni yalifanyika Nairobi chini ya Moi. Sisi tuliopoteza watu Kaboya hatukuwa hata wenye meza.

Januari 1986 Museveni akaingia Kampala. Mwalimu alikuwa ameshang'atuka urais, Mzee Mwinyi ndiye aliyekuwa Ikulu. Uhusiano na Kampala ukaanza upya, safari hii na mtu ambaye hakuwekwa na sisi. Naamini ndiyo sababu uhusiano wa baada ya 1986 umekuwa mwepesi kuliko ule wa Obote. Museveni anaweza kuishukuru Tanzania kwa sauti kubwa kwa sababu hatuidai nafasi yake.

Deni la fedha lilikuwepo lakini. Deni la vita lilikaa mezani miaka na miaka, marais wakibadilika upande wetu, mpaka serikali ya Museveni ilipokuja kulimaliza miaka ya 2000. Lile lilikuwa deni la serikali kwa serikali. Mzee wa Missenyi aliyeswagiwa ng'ombe, mama aliyerudi akakuta nyumba haina bati wala mlango, hao hawakuwa upande wowote wa meza ile. Bibi yangu alikuwa akisikia redioni habari ya deni la Uganda anacheka, anauliza kama na sufuria zake zimo.

Tuje nyumbani sasa, maana diplomasia ya kweli naiona huku.

Mwaka ule ule wa 1981 jeshi letu likirudi, Uganda ilijiunga na shirika la bonde la mto Kagera, KBO, ambalo Tanzania, Rwanda na Burundi walilianzisha 1977. Hakuna aliyepiga ngoma. Lakini fikiria: mto ambao miaka mitatu nyuma mtu mmoja alisema ni mpaka na akaua watu kwa ajili yake, sasa wamekaa kuupangia mabwawa na barabara. Shirika lenyewe halikufanya makubwa na lilikuja kuvunjwa. Hata hivyo wakati ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshakufa (1977), hivyo KBO ilikuwa moja ya meza chache ambazo Dar na Kampala walikaa bila kuzungumzia nani anamdai nani.

Halafu umeme. Hili huwa nawaambia rafiki zangu wa Dar hawaamini. Mkoa wetu haukuwa kwenye gridi ya taifa, na kwa miaka mingi Bukoba ilikuwa inawaka kwa umeme ulionunuliwa Uganda. Ulikuja kwa laini kutoka Masaka. Masaka ile ile! Mji tuliouangusha 1979 ndio uliokuja kutuwashia taa. Uganda wakiwa na mgao, na sisi giza. Mimi nimesomea mtihani wa kidato cha nne kwa kibatari mara kadhaa na sikujua kwamba nilikuwa nashiriki mahusiano ya kimataifa.

Na kahawa. Serikali zote mbili zinajua, vyama vya ushirika vinajua, na mkuu wa wilaya anajua zaidi. Bei ikiwa nzuri upande wa pili, kahawa ya Bukoba na Muleba inavuka usiku. Kwa Dar hiyo ni magendo. Kwa mkulima aliyekwisha kuuza butura, yaani kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto amefukuzwa ada, habari ya nani anaitwa mlanguzi inaweza kusubiri. Kila msimu askari wanapangwa njiani, kila msimu watu wanakamatwa. Ukiangalia kwa makini, mpaka wa Mutukula umekuwa na ugomvi mwingi wa kahawa baada ya 1981 kuliko wa bunduki.

Usifikiri watu wa huku waligeuka maadui wa Waganda. Haiwezekani. Tunakula ndizi ile ile, senene wale wale, ukisikiliza Kihaya na Kiganda kwa pamoja unaambulia nusu bila mkalimani. Harusi zinavuka. Bibi alimchukia Amin mpaka anakufa, lakini gomesi yake ya kwendea kanisani aliishonesha Kampala na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Basi mambo yakaendelea. Jumuiya ikafufuliwa, mkataba ulisainiwa Novemba 1999. Novemba 2017 Magufuli na Museveni walikuja Mutukula kufungua kituo cha pamoja cha mpakani. Lori likikaguliwa mara moja, limekaguliwa. Ukipita pale leo utaona vijana wa kubadilisha fedha, mama wa chapati, madereva wanagombana kwa lugha tatu, na huwezi kujua kwamba vifaru vilipita hapo hapo, vikienda na vikirudi. Kwa anayetaka kujua inabidi ashuke Kyaka, aangalie magofu ya kanisa lililopigwa wakati wa vita.

Na kuna tarehe moja imenifanya niandike haya yote. Tarehe 11 Aprili 2021 Rais Samia alikwenda Entebbe kwenye utiaji saini wa mikataba ya bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya nje akiwa Rais. 11 Aprili! Siku ile ile Kampala ilipoanguka, miaka 42 kabla. Bomba lenyewe limepangiwa kuingia nchini kupitia Missenyi, kisha Bukoba, Muleba, Biharamulo. Ukiliweka kwenye ramani linapita karibu njia ile ile waliyopita wakimbizi wa 1978.

Safari hii watu wa njiani wameorodheshwa. Migomba imehesabiwa, kahawa imehesabiwa, makaburi yamehesabiwa. Kuna malalamiko ya fidia, ndogo, imechelewa, tathmini haieleweki, na mimi ni mwandishi nitayafuatilia. Ila wapo wazee Missenyi ambao hii ni mara ya kwanza maishani mwao serikali mbili kukubaliana jambo na mtu akaja na daftari kuhesabu mgomba wao.

Kwa hiyo nina ombi. Kama una mzee aliyekuwepo kaskazini ya mto mwaka 1978, au aliyekuwa Uganda na JWTZ mpaka 1981, mkalishe chini wiki hii. Habari ya mapigano tunayo ya kutosha. Muulize siku aliyorudi: alirudi lini, alipita wapi, alikuta nini, nani alimpokea, na kama kuna mtu yeyote alikuja kumuandikisha alichopoteza. Andika na majina ya vijiji. Mimi nakwenda Bunazi Jumamosi na daftari langu, nitaanza na mama mmoja anayeuza ndizi karibu na daraja, ambaye ameniambia nisije mikono mitupu, nije na sukari.